Tarti ya mboga na fromaji ya Masisi: namna ya kuioka nyumbani bila furu

Kwenye soko la Virunga mjini Goma, ao Kadutu kule Bukavu, fromaji ya Masisi haikosi mnunuzi. Watu wanaikata vipande, wanaila na mkate ao ndizi, wanateremsha na chai, basi imeisha. Wachache wanaipika. Ukiwauliza wamama kwa nini, jibu ni lile lile: "Hatuna furu." Kumbe mbabula, sufuria kubwa na mchanga mkavu vinatosha kabisa kuoka tarti ya chumvi, ile ya mboga, mayai na fromaji ambayo wengi wanaijua kwenye sherehe za watu wenye uwezo. Hapa tunaeleza namna inavyofanyika, na pia kwa nini kila hatua iko vile ilivyo, juu mtu akijua sababu anaweza kubadilisha mwenyewe kulingana na kile anacho nyumbani.

Kwanza jina. Tarti ni unga uliokandwa na mafuta, ukatandazwa kwenye sahani ya kuokea, juu yake ikawekwa kitu. Ikiwa ni matunda na sukari, ni tarti ya sukari. Ikiwa ni mboga, mayai na maziwa, ni tarti ya chumvi. Wafaransa wana moja yenye sifa kubwa wanayoiita "quiche", ya jimbo la Lorraine, karibu na mpaka wa Ujerumani. Jina lenyewe limetoka kwa neno la Kijerumani la keki. Ile ya asili haikuwa hata na fromaji, ilikuwa mayai, krimu na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna tarti moja tu ya kweli. Kila mahali watu waliweka kile shamba lao lilitoa, na shamba la Kivu linatoa mengi.

Fromaji yenyewe

Fromaji, ao jibini kama inavyoandikwa kwenye vitabu, ilifika kwenye milima ya Masisi na wamisionari Wabelgiji. Kule juu kuna baridi, kuna majani, na ng'ombe wanapata malisho karibu mwaka mzima. Ufundi ukaingia kwa wafugaji wenyewe, na leo wanaoitengeneza ni wana Masisi: maziwa ya asubuhi yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa, maji yake yanatolewa, kinachobaki kinabanwa kwenye kibati cha mviringo, kinatiwa kwenye maji ya chumvi, halafu kinapangwa kwenye mbao kikomae. Ni ndugu wa ile fromaji ya Uholanzi inayoitwa Gouda. Kwa kilo moja tu, zinahitajika karibu litre 10 za maziwa. Mtu akilalamika kwamba bei iko juu, akumbuke hizo litre 10, halafu akumbuke barabara ya kutoka Masisi kupitia Sake.

Na barabara hiyo ina historia yake. Katika miaka ya 1990 vita vilimaliza ng'ombe wengi sana wa Masisi. Waliibiwa, walichinjwa, wafugaji wakakimbia. Mifugo ikarudi pole pole, na mapigano yakarudi pia, zaidi ya mara moja. Mwezi wa Januari 2025, wakati Goma ilipoingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, na fromaji iliyokuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa ikapoteza njia yake ya haraka. Mtengenezaji aliyezoea kuuza mbali anabaki kutegemea zaidi watu wa karibu. Ndiyo maana swali la "tuifanyie nini fromaji nyumbani" si swali la wapishi peke yao.

Sokoni, chagua ile iliyokaa kidogo. Ile mbichi sana ina maji mengi. Ukiiweka kwenye tarti inatoa maji na unga wa chini unalowana. Bonyeza na kidole: ikirudi pole pole, ngumu kidogo, ni nzuri. Ngozi ya nje ikiwa na ukungu kidogo si shida, unakwangua ao unakata. Lakini ikiwa imepasuka na ndani kuna utelezi, ao inanuka uchungu wa kuchoma pua, mwachie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Kipande cha gramu 150 kinatosha kwa tarti moja.  Ikwangue na kikwangulio cha karoti, ao ikate vipande vidogo vidogo na kisu.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi sana. Fromaji nyingi ya kwetu inatengenezwa na maziwa yasiyochemshwa. Ng'ombe akiwa na bruseloze, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutoa mimba, vijidudu vyake vinaweza kupita kwenye maziwa na kuingia ndani ya fromaji. Kwa binadamu inaleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo, na wengi wanatibiwa malaria wiki nyingi bila kupona. Kuna pia listeria, kijidudu kingine, ambacho kwa mama mjamzito kinaweza kuua mtoto tumboni. Kuikomaza fromaji kunapunguza hatari, lakini hakuiondoi kabisa. Moto ndiyo unaiondoa. Tarti iliyoiva mpaka katikati, yenye kufuka moshi ukiikata, imepita joto ambalo vijidudu hivyo havivumilii. Kwa hiyo mama mjamzito, mzee ao mtoto mdogo anayependa fromaji, hii ndiyo njia nzuri ya kumlisha. Maziwa ya kuchanganya na mayai pia yachemshwe kwanza, kama si ya unga.

Mboga: toa maji, halafu toa maji tena

Kosa linaloharibu tarti nyingi ni maji ya mboga. Mboga ni maji karibu yote. Ukiitia mbichi ndani ya unga, maji yanatoka kwenye joto, yanashuka chini, na badala ya tarti unapata uji uliovaa mkate.

Puaro ndiyo ninayoiona bora kuliko zote, na siyo kwa sababu Wazungu wanaitumia. Ni tamu ikipikwa pole pole, inashikana vizuri na mayai, na inapatikana: ile ya Kibumba inafika Goma na karoti na shu, ile ya Kabare na Walungu inashuka Bukavu. Kwenye milima ya Lubero iko tele. Chukua puaro mbili kubwa, kata mizizi, pasua kwa urefu na uoshe katikati ya majani, juu udongo unajificha mule na utausikia kwenye meno. Kata nyembamba pamoja na kitunguu kimoja. Karoti moja ao mbili uzikwangue. Weka yote kwenye sufuria na kijiko cha mafuta, chumvi kidogo sana, na upike kwa moto mdogo bila kufunika. Usikimbie. Dakika 15 hivi, mpaka ukisukuma mboga upande mmoja, chini ya sufuria hakutiririki maji. Halafu iache ipoe. Mboga ya moto ikikutana na unga mbichi inayeyusha mafuta yake, na mayai yataanza kuganda kabla ya wakati.

Usipopata puaro, lengalenga inafaa sana, lakini uichemshe kidogo, uikamue kwa mikono kama nguo, kisha uikaange. Unapofikiri umekamua vya kutosha, kamua tena. Shu inafaa pia ikikatwa nyembamba sana na kukaangwa mpaka ianze kubadilika rangi. Nyanya, hapana, ao basi utoe mbegu na maji yake yote. Na sombe? Kuna watu wamejaribu. Sombe iliyotwangwa na kupikwa muda wake wote, bila mawese, ikakauka, inaweza kuingia. Ila mwenye kuipenda kweli ataona ni afadhali ikae na fufu yake.

Unga wa chini

Kwa sahani ya kuokea yenye upana wa sentimeta 25 hivi, chukua gramu 250 za unga wa ngano, yaani vikombe viwili vya chai vilivyojaa bila kushindiliwa. Majarini ao siagi, nusu ya uzito huo, gramu 125. Chumvi, nusu ya kijiko kidogo. Maji baridi, vijiko vinne ao vitano vya chakula.

Watu waliozoea kukanda mandazi wanakosea hapa juu ya bidii yao. Mandazi na mkate vinataka mikono yenye nguvu, ili unga ushikane na kuvutika. Tarti inataka kinyume chake. Kata majarini vipande vidogo, visugue na unga kwa ncha za vidole mpaka ionekane kama mchanga wenye unyevu. Kazi ya mafuta ni kuzunguka kila punje ya unga ili maji yasiingie sana. Hapo ndipo unga unakuwa wa kuvunjika mdomoni, siyo wa kuvuta kama mkate. Tia maji kijiko kwa kijiko, kusanya kwa mkono mpaka ishikane, na uache. Ukiukanda dakika 10, utakuwa mgumu, na ukifika kwenye moto utajikunja na kurudi katikati ya sahani.

Majarini isiyeyuke. Goma na Bukavu ziko kwenye mita karibu 1500, hewa ni baridi, hapo hakuna tabu. Lakini mwenye kuoka Uvira ao Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, afanye kazi hii asubuhi mapema, na maji yake ayatoe kwenye mtungi wa udongo. Unga ukiisha kukusanyika, ufunike na kitambaa, upumzike nusu saa mahali pa baridi.

Unga wa ngano ukiwa ghali, robo yake unaweza kuwa unga wa muhogo, ule wa fufu, uliochekechwa vizuri. Kwa mkate hiyo ni tabu, juu muhogo haushikani; kwa tarti ni karibu faida, unga unakuwa mwepesi zaidi wa kuvunjika. Kuna wengine wanaacha ngano kabisa, wanapanga vipande vyembamba vya viazi, birayi, vilivyochemshwa nusu, kwenye sahani iliyopakwa mafuta, kama vigae vya nyumba, halafu wanamwaga mboga na mayai juu. Siyo tarti kamili, lakini mtoto hataomba maelezo.

Tandaza unga na chupa ya bia iliyooshwa, unene kama wa sarafu mbili. Upeleke kwenye sahani iliyopakwa mafuta, panda nao mpaka kwenye ukingo, utoboe chini na uma mara nyingi ili hewa isiuinue.

Furu ya sufuria

Sasa tufike kwenye lile lililowazuia watu. Furu ni nini? Ni chumba chenye joto kavu linalotoka pande zote. Mbabula peke yake inatoa joto chini tu, ndiyo maana keki nyingi za mbabula zinaungua chini na juu zinabaki nyeupe. Dawa yake ni kuweka makala juu pia, na juu yawe mengi kuliko chini.

Chukua sufuria kubwa ya chuma ao ya aluminiamu nene, ambayo sahani yako inaingia na bado kidole kinapita kuizunguka. Mwaga ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Mchanga unapokea joto pole pole na kuligawa sawasawa. Juu yake panga mawe matatu madogo ya kukalishia sahani. Watu wa Goma wana mawe ya volkano kila mahali, lakini yawe yamekauka kabisa: yana vitundu vinavyoshika maji, na jiwe lenye maji ndani likipata moto linaweza kupasuka. Mchanga nao vile vile, ukiwa na unyevu utajaza sufuria mvuke na unga hautakauka.

Kifuniko kiwe cha chuma, cha kulala sawa, chenye ukingo wa kuzuia makala yasianguke. Sinia ya chuma inafaa. Usitumie kipande cha bati jipya la nyumba. Lina zinki juu yake, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye kuumiza kifua. Kifuniko chembamba cha aluminiamu nacho kinajikunja, hata kinaweza kuyeyuka ukipepea makala juu yake.

Washa makala mpaka yote yawe mekundu na majivu meupe yaanze kuonekana. Weka theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko, na uache sufuria ishike joto dakika 15. Kupima joto, tia kipande cha karatasi nyeupe ndani, funika, hesabu dakika tano. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, joto ni sawa. Kikitoka cheusi, punguza makala. Kikibaki cheupe, subiri ao ongeza.

Unga unaingia kwanza peke yake, dakika 12 mpaka 15, mpaka ukauke na kupoteza mng'ao wa mafuta. Watu wengi wanaruka hatua hii ili kuokoa makala, na ndiyo inayotenganisha tarti iliyokauka chini na ile yenye kulowana. Wakati huo piga mayai matatu na glasi ndogo ya maziwa, mililita 200. Maziwa ya unga yanafaa, vijiko vitatu vya chakula ndani ya glasi hiyo. Pilipili manga kidogo, seleri iliyokatwa kama unapenda. Chumvi, onja fromaji kwanza: ile ya Masisi imeoga kwenye maji ya chumvi, na mara nyingi inatosha yenyewe.

Toa unga, tandaza nusu ya fromaji chini, halafu mboga, mwaga mayai na maziwa, malizia na fromaji iliyobaki. Fromaji ya chini inayeyuka na kuziba vitundu, ndiyo sababu inatangulia. Rudisha kwenye sufuria, funika, na usifungue fungue. Kila ukifungua, joto linatoka na makala yanaliwa bure. Baada ya dakika 30 angalia. Ukingo uwe umeshikana, juu pawe na rangi ya dhahabu, na katikati patikisike kidogo tu kama mashanza. Kisu kikiingizwa katikati kitoke bila mayai mabichi. Ikiwa bado, dakika 10 tena. Moto ukizidi, mayai yanakamuka na kutoa maji, unaona vitundu vingi kama sifongo. Inaliwa, lakini uzuri umepotea. Ikitoka, iache ikae dakika 15 kabla ya kukata, la sivyo itamwagika.

Kuhusu mahali pa kuokea, tuseme wazi. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayelala nayo haamki. Mbabula yenye moto chini na juu inatumia makala zaidi, kwa zaidi ya saa moja. Oka nje, ao kwenye jiko lililo wazi. Mvua ikinyesha, subiri ipite, usiingize mbabula ndani ya chumba na kufunga mlango. Na makala yaliyobaki yasiingie chumbani kuwapasha watoto joto, hata kama baridi ni ya Masisi. Yazimwe na mchanga, kesho yatawaka tena.

Makala yenyewe ni mali. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa Goma yametokana na miti ya mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na kila mwaka msitu unasogea mbali zaidi. Afadhali kuoka tarti mbili mfululizo kuliko moja, juu sufuria na mchanga vimekwisha kushika joto na ya pili inatumia makala kidogo tu. Majirani wawili wanaweza kuungana: mmoja analeta makala, mwingine sufuria. Mbabula ile yenye udongo ndani inasaidia pia, inashika joto muda mrefu kuliko ya bati tupu. Na mwenye umeme wa kutosha kuendesha furu, kama baadhi ya mitaa ya Goma inayopata ule wa mtambo wa Matebe, aweke digrii 180 na muda ni ule ule.

Kwa yule anayefikiria kuuza

Tarti moja inatoa vipande vinane vya heshima. Wamama wanaouza chapati na mandazi asubuhi kwenye mashule na ofisi wanaweza kuiongeza kwenye sinia, lakini hesabu ifanywe kabla. Andika kwenye karatasi: unga, majarini, mayai matatu, maziwa, fromaji, mboga, makala, pesa ya motari. Gawa kwa saba, siyo kwa nane, juu kipande kimoja kitavunjika ao kitaliwa na mtoto wako, na hilo halizuiliki. Hapo umepata bei ambayo chini yake unafanya kazi bure. Fromaji na mayai ndivyo vinavyokula pesa. Ukiona bei haiwezi kuvumiliwa na wateja, punguza fromaji mpaka gramu 100 na uongeze karoti, lakini yai usilipunguze, ndilo linaloshikanisha kila kitu.

Tarti haikai. Mayai, maziwa na mboga pamoja, bila friji, ni chakula cha siku ile ile. Kwenye joto la kawaida isipite saa mbili, na Uvira ni afadhali hata chini ya hapo. Anayeuza aoke alfajiri, auze asubuhi, na kilichobaki kiliwe nyumbani mchana baada ya kupashwa moto mpaka katikati. Ifunikwe na kitambaa safi, siyo na kifuniko kinachoziba, kwa sababu mvuke ukifungiwa unarudi chini na unga unalowana. Na mteja akiuliza kama ndani kuna mayai ao maziwa, ajibiwe ukweli, maana kuna watu miili yao haivikubali.